Picha ya Ubavu

Ndege hawafai kupigwa picha. Nalisema hili mimi niliyesimama nyuma ya kamera tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sitaki mtu anibishie. Binadamu ukimwambia inua kidevu, anainua. Ukimwambia usicheke, anabana midomo mpaka mashavu yanatetemeka, lakini hacheki. Hata mtoto mchanga ana mama wa kumshika kichwa. Ndege humwambii kitu. Unakaa kwenye kigoda mpaka miguu inakufa ganzi, yeye kasimama juu ya jiwe lake anajichokonoa kwapa, na ukishika pumzi tu ili ubofye, hayupo. Limebaki jiwe. Nina picha za mawe za kutosha kujengea msingi wa nyumba.

Sikuichagua kazi hii. Nilipofunga studio nia yangu ilikuwa moja, kulala. Nililala kwa muda mfupi sana. Mke wangu ndiye mwenye bwawa na ndiye mwenye ndege, mimi nikajikuta nimeajiriwa bila kuomba kazi.

Bwawa lenyewe liko nyuma ya nyumba, kati ya kamba ya nguo na ukuta wa jirani yetu mshonaji. Lilianza na beseni kubwa la kuogea lililopasuka, ambalo mke wangu alinikatalia katakata nisilitupe. Alilichimbia ardhini, akaziba ufa, akajaza maji na kupanga mawe. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, amezoea kuanza na kitu kidogo na kukingoja kikue. Baadaye akalipanua, akatandika turubai, akapanda matete. Nikamwambia anafuga mbu. Akaniambia ningoje. Wakaja vyura, wakala mbu. Wakaja ndege, wakala vyura. Nilipomuuliza nani sasa atakuja kula ndege, akacheka, akasema, "Wewe wapige picha tu, Kidevu."

Kidevu ni mimi. Mtaa mzima unaniita Fundi Picha, lakini jina la Kidevu ni lake peke yake, tangu siku alipokuja studio kupiga picha ya kitambulisho cha kazi. Njiwa alikuwa ametua dirishani, na kila nikimwambia inua kidevu, tazama hapa, yeye anageuka kumtazama njiwa. Alinimalizia filamu. Mwisho akaniambia, "Kaka, kidevu, kidevu, huna neno lingine?" Picha ya kitambulisho ilipatikana. Lakini nilipozisafisha, ile niliyoitia mfukoni ni moja kati ya zile alizogeuka. Nikamwoa.

Sasa ni muda mrefu hakuna mtu aliyeniita Kidevu.

Maradhi ya kusahau yalimwingia kwa adabu. Alianza kupiga hodi kwenye chumba chetu cha kulala. Nilidhani ananitania, nami nikamjibu karibu, ingia, jisikie uko kwako. Kisha akaanza kunitolea vikombe vya wageni. Halafu kuna asubuhi alinikuta jikoni, akashtuka kidogo, akajikaza, akanivutia kiti na kuniuliza kama nimetoka mbali. Nilikuwa na kamera shingoni. Macho yake yakaishia kwenye kamera, uso ukamfunguka.

"Ah! Wewe ndiye mpiga picha! Umekuja kwa ajili ya picha ya darasa."

Nikasema ndiyo, mwalimu. Ningesema nini? Mtu akikupa kazi ya kukaa nyumbani kwako mwenyewe, unaipokea.

Darasa ni wale ndege. Kila asubuhi anakaa kwenye kiti chake cha mbao kando ya bwawa na kuwaita. Yuko fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kishungi kinachotokeza nyuma ya kichwa hata kinafanana na nyundo. Huyo ni Kiranja, kwa kuwa huwahi kuliko wote na hutembea huku na huku akikagua wenzake. Yangeyange wawili weupe wanaitwa Sare. Mdiria, yule mdogo wa buluu anayejirusha majini na kutoweka, ni Mtoro. Mke wangu hawasahau. Mimi nimefutika, binti yetu amefutika, jirani mshonaji anaitwa jina jipya kila akivuka ukuta, lakini Mtoro asipoonekana asubuhi, mwalimu wake hanywi chai.

Tena ananisengenyea mumewe.

"Mume wangu naye ni mpiga picha," aliniambia siku moja, sauti ya chini, kama anayeogopa kuniudhi. "Ila yeye hana habari na ndege. Yeye vichwa tu. Vichwa, vichwa, vichwa."

"Yuko wapi?"

"Kazini. Siku hizi anachelewa sana kurudi."

Nikarekebisha lenzi ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Watu wakisikia habari hizi huinamisha kichwa upande na kusema pole. Hawajui shughuli yake. Mke wangu ni mwanamke wa heshima zake, mwenye mume, kwa hiyo haogeshwi na mpiga picha. Nilijaribu mara moja, akanirushia kopo. Tangu hapo namsubiri jirani mshonaji, mwanamke mwenzake, amalize nguo za watu, aje na vipande vya nyuzi kwenye nywele, amwogeshe. Asipopata nafasi, mimi hukaa nje ya mlango wa bafu na kutoa maelekezo: sasa sabuni, sasa mgongo, sasa maji. Mke wangu hunijibu kutoka ndani kwamba si kazi yangu. Kula nako hali mpaka mumewe arudi. Basi mimi hutoka kwa mlango wa jikoni, huzunguka nyumba, hupiga hodi mbele na kusema, "Mwalimu, nimetumwa na mumeo. Anasema ule, usimsubiri." Hapo ndipo yeye hula, huku akinung'unika kwamba mwanaume gani huyu anayetuma salamu badala ya kuja mwenyewe.

Kisha kuna mashuka. Kila asubuhi ni shuka, na kila shuka ni mgongo wangu. Nilikuwa nikipanga picha za harusi nzima nimesimama bila kusikia uchovu. Sasa nikikamua shuka moja, lazima nishike ukuta.

Pamoja na yote hayo, sikukosa kumjaribu. Kila asubuhi, kabla hajaanza kuwaita ndege, nilichuchumaa mbele yake, nikamshika mashavu taratibu na kumnyoosha uso.

"Nitazame. Nitazame vizuri. Mimi ni nani?"

Ndivyo nilivyozoea kumjua mtu. Unamweka sawa mbele yako, masikio yote mawili yanaonekana, macho yote mawili yanakutazama, hapo huwezi kumkosea. Maisha yangu yote nimekula kwa njia hiyo. Yeye hunitazama, akatafuta, akatafuta, kisha akasema, "Wewe ni mpiga picha." Siku nyingine aliogopa, akajaribu kuutoa uso wake mikononi mwangu. Nami huinuka, magoti yakilia, nikaenda kuanika shuka.

Ndege nao niliwapiga hivyo hivyo. Nilimsubiri Kiranja anigeukie barabara, mdomo katikati, jicho huku na jicho huku, ndipo nibofye. Nilipompelekea mwalimu hizo picha, alizishika mbali na macho kama mtu anayesoma barua ya kumdai.

"Huyu ni nani?"

"Kiranja."

"Huyu siye Kiranja. Huyu ni msumari."

Na kweli, ukimtazama vile, fundichuma hana uso. Ana mdomo uliokaa kama kichwa cha msumari, basi. Hakumtambua hata mmoja wa darasa lake kwenye picha zangu. Mimi nikakasirika, nikasema ni mwanga, kumbe tatizo si mwanga. Nikaendelea kuwasubiri wageuke.

Binti yetu ni muuguzi, anaishi na kufanya kazi nchi nyingine. Alipokuja safari hii alinikuta jikoni nimelala wima, nimeegemea karo, bomba linamwaga maji. Aliyafunga maji, akaweka mkoba chini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nilikuwa nafikiri."

"Ulikuwa unakoroma."

Alikagua nyumba anavyokagua wodi. Aliona ndoo za kulowekea, godoro lililoegemezwa ukutani likauke, dawa ya mgongo wangu imeisha na kopo bado nimelitunza. Mama yake alimkaribisha kwa furaha na kumwita dada wa zamu. Binti akaitika kama amezoea kuitwa hivyo, na nadhani amezoea. Jioni tukakaa mezani, mama yake akiwa ameshalala.

"Baba, nampeleka kwangu."

Nilisogeza kikombe changu.

"Nina chumba. Nimezungumza na mume wangu, amekubali. Hii ni kazi yangu, naijua, na kule napata watu wa kunishika mkono. Wewe hapa unakufa umesimama."

"Na mimi?"

"Wewe utapumzika. Utakuja kututembelea."

"Nije kumtembelea mke wangu."

"Baba, hakujui."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama wauguzi wanavyosema mambo, ili lisisemwe mara mbili. Nilitazama mikono yangu, imekwaruzwa na sabuni mpaka ngozi inabanduka, nikasikia mwili mzima ukilegea. Ilikuwa nafuu. Nitalala, nilifikiri. Nitalala mpaka jua liniingie kwenye chandarua. Nikasema, "Mchukue," na neno lilipotoka nikajua sitamwona tena. Kule hakuna bwawa. Kule atakaa ghorofani. Akiwakosa Kiranja na Mtoro, hatabaki na mtu hata mmoja anayemjua duniani, naye mwenyewe atafuata njia hiyo hiyo.

Lakini nilikuwa nimeshasema, na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kulirudisha neno nako ni kazi.

Binti alikuja amejiandaa. Fomu za pasipoti ya mama yake zilikuwa tayari na siku ya kuzipeleka imekaribia. Kilichobaki ni picha. Studio za mjini haziwezekani, kwani mwalimu akiingizwa kwenye gari hupiga kelele mpaka watu wanadhani anatekwa.

"Uso mbele, nyuma peupe, masikio yote yaonekane," binti alisema, kisha akatabasamu kidogo. "Nakufundisha kazi yako."

"Na asicheke," nikasema.

"Na asicheke."

Asubuhi tukatundika shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, lile la kitandani kwake, nililolifua alfajiri. Upepo ulipolipuliza, Sare wote wawili wakaruka. Mtoro hakuonekana kabisa. Mke wangu aliketi kwenye kiti chake akalitazama shuka, akanitazama mimi, akatikisa kichwa.

"Umenifukuzia wanafunzi."

"Watarudi, mwalimu. Leo tunaanza na picha yako wewe."

"Mume wangu anajua?"

"Anajua."

"Amekwambia nini?"

Binti aliinamisha macho. Nikasema, "Amesema upendeze."

Alikubali kugeuzwa kiti, mgongo kwa shuka, uso kwangu. Lakini shingo haikukubali. Nikimwambia tazama hapa, anatazama nusu tu, kisha kichwa chenyewe kinarudi bwawani. Tazama hapa, mwalimu. Kinarudi. Inua kidevu. Kinarudi. Nilisikia hasira ya zamani, ile ya siku ya njiwa, na ndani ya hasira nikasikia kitu kingine ambacho sikutaka kukisikia wakati ule, nina kazi mkononi. Binti akaja kusimama kando, akamshika kidevu kwa vidole viwili, akamnyoosha kama anavyowanyoosha wagonjwa wake. Nikabofya. Akautoa mkono haraka, nikabofya tena, tena, na tena.

"Angalia kama imo inayofaa," binti alisema. "Nakwenda kupanga nguo zake."

Akaingia ndani. Nikasikia kabati linafunguliwa, lile lenye bawaba inayolia, ambalo kila siku nasema nitalitia mafuta.

Nilizipitia picha kwenye kioo cha kamera. Nyingi zimeharibika, mkono wa binti umo, au macho yamefumba. Moja ilikuwa safi. Uso katikati, masikio mawili, kidevu mahali pake, nyuma peupe bila kivuli. Ofisa yeyote angeipokea bila kuitazama mara mbili. Mimi niliitazama mara nyingi, na kadiri nilivyoitazama ndivyo nilivyozidi kumkosa mke wangu ndani yake. Macho yalikuwa wazi na hayakuwa na mtu. Nimepiga watu wenye njaa, wenye msiba, mtu mmoja alikuja kupiga picha akitoka kumzika mama yake, na wote walikuwemo kwenye picha zao. Huyu hakuwemo. Hiyo ndiyo picha iliyokuwa inamchukua.

Nilitakiwa nimwite binti. Badala yake miguu ikakataa. Sikuwa na nguvu hata ya kuchuchumaa, achilia mbali kufika mlangoni. Nikapindua ndoo ya kufulia, nikaiweka kando ya kiti chake, nikaikalia. Bega langu likagusa la kwake. Alikuwa ameshakigeuza kiti mwenyewe kuelekea majini. Tukakaa hivyo, yeye anatazama bwawa na mimi natazama bwawa, kama tulivyokuwa tukikaa jioni zote zile nikitoka kazini, nimevua viatu, yeye akinieleza ya darasani nami nikisikiliza nusu.

Kiranja akarudi. Alitua ukingoni, akakagua, akapanda jiwe lake. Mikono yangu ikainua kamera bila kuniuliza. Akasimama amenipa ubavu, kishungi nyuma, mdomo mbele. Nikangoja.

"Unangoja nini?" mke wangu akauliza. Hakugeuka.

"Anitazame."

"Anakutazama."

"Amenipa ubavu."

Alitoa kicheko cha puani, kile alichowawekea watoto wanaoandika namba tatu kinyume. "Macho ya ndege yako wapi?"

"Kichwani."

"Kichwani wapi?"

Nikafikiri. "Pembeni."

"Haya. Akikunyooshea mdomo, mawazo yako kwenye chakula, au anataka kukudonoa. Akitaka kukuona vizuri, anakaa kiubavuubavu. Ukae naye miaka yote hii hujui?"

Nikabofya. Kwenye kioo cha kamera alikuwa Kiranja mwenyewe, mzima, na jicho jeusi limenikazia. Ndani ya jicho kulikuwa na doa jeupe, nadhani ni shuka letu.

"Hujanyoa, Kidevu," mke wangu akasema.

Sikugeuka. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kugeuka, kumshika mashavu, kumwambia sema tena. Lakini nimekaa na ndege kiasi cha kujua kinachotokea ukigeuka. Nikabaki natazama jiwe, kamera mapajani, pumzi nimeishika.

"Sikupata muda," nikasema.

"Umechelewa kurudi."

"Kazi zilikuwa nyingi."

"Umechoka."

"Nimechoka, mke wangu. Nimechoka sana." Machozi yalinitoka, nikayaacha yashuke, maana kuyafuta kungehitaji kuinua mkono.

"Kaa basi. Nani anakufukuza?"

Tukakaa. Maji yalikuwa yametulia. Bega lake lilikuwa na joto, na lilikuwa limeniegemea kwa uzito wake wote, bila wasiwasi, kama zamani. Baada ya kitambo akasema, kwa sauti ya chini, ile ya kusengenya:

"Yule mpiga picha wako."

"Amefanya nini?"

"Kila asubuhi ananijia usoni. Ananishika mashavu, ananiuliza maswali. Mimi simpendi." Akavuta khanga yake mabegani. "Mwambie asirudi tena."

"Nitamwambia."

"Umwambie kweli."

"Nitamwambia leo."

Ndani, bawaba ya kabati ililia tena, na Kiranja akaruka. Mke wangu alimfuata kwa macho mpaka juu ya ukuta wa mshonaji, kichwa kikageuka, kikaendelea kugeuka, uso wake ukanifikia mzima. Macho yote mawili yalikuwa kwangu, na alikuwa ameshaondoka.

"Fundi," akasema kwa upole, "umeipata picha ya darasa?"

"Nimeipata, mwalimu."

"Afadhali."

Binti alikuwa mlangoni, ameshika sweta la mama yake, nusu limekunjwa. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ya kazini.

"Baba, imetoka?"

Niliitafuta ile picha safi. Nikabofya kufuta. Kamera ikaniuliza kama nina uhakika, kama zinavyouliza zote, nikabofya tena.

"Haikutoka."

"Hata moja?"

"Aligeuka."

"Tutajaribu tena kesho."

"Kesho atageuka tena. Hata siku ya kwanza aligeuka."

Alilikunja sweta, akalikunjua, akalikunja tena. "Baba, huwezi. Nimekuona jana. Huwezi."

"Siwezi," nikasema. Sijapata kulitamka neno hilo mbele ya mtoto, na lilinitoka kirahisi kuliko nilivyodhani. "Mashuka siwezi, na kumwogesha siwezi, na mgongo umekwisha. Nitafutie mtu, mwanamke, wa kuja kila siku. Mfundishe wewe kabla hujaondoka, na akikosea mgombeze kwenye simu. Hilo nakuomba. Lakini mama yako haendi popote."

Nilitegemea abishane, ana kichwa kigumu kama mama yake. Akashuka ngazi, akazunguka, akaketi chini kwenye saruji upande wa pili wa kiti, miguu ameielekeza majini. Hakumtazama mama yake. Alitazama bwawa. Tukangoja watatu, na baadaye mwalimu akatuuliza sote kama Mtoro ameonekana. Binti akasema bado.

Nikaanua shuka, nikalikunja, nikalirudisha kitandani kwake.

Mwanamke alipatikana, ana mikono mikubwa na maneno mengi, na shuka sasa analikamua yeye. Bado nimechoka. Uchovu wa aina hii hauishi kwa sababu mtu amekusaidia kufua. Lakini sichuchumai tena mbele ya mtu, wala simuulizi mtu mimi ni nani. Nachukua kiti kingine, nakiweka kando ya kile chake, tunawatazama ndege. Siku ile aliyoniita Kidevu hakurudia, wala iliyofuata, wala hajarudia mpaka leo. Picha zangu zimekuwa nzuri, anazitambua zote, Kiranja, Sare, hata Mtoro mara moja akiwa na samaki mdomoni.

Na kila asubuhi, kabla sijaenda kukaa, nanyoa.